Kilo zetu zinapotelea kwenye koma

Mchimbaji mmoja alishuka Goma kutoka Masisi, kaye yake imefungwa ndani ya sashe mbili na juu yake kipande cha mpira wa pikipiki. Hakuja kuuza kitu. Alikuja na swali moja. Ndani ya kaye aliandika gunia lake: kilo 27,5, tarehe, namba ya etiketi. Kwenye karatasi iliyotoka kwenye mashini ya ofisi moja hapa mjini, gunia lile lile, etiketi ile ile, lilikuwa na kilo 275.

« Mutu gani anabeba kilo 275 kwa mugongo? » akatuuliza.

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Kwani mtu wa juu alipoiona namba ile hakufikiri mashini imekosea. Alifikiri kuna wizi. Gunia likiwa zito mara kumi kuliko inavyowezekana, basi labda madini ya shimo lingine yamevishwa etiketi ya shimo hili. Ndivyo wakaguzi walivyofundishwa kuwaza, na hatuwalaumu. Mzigo mzima ukazuiwa, si gunia moja tu. Ulilala depo siku 19. Watu 12 wanaokula kwa shimo lile walikaa siku 19 bila hata franga moja. Mke wa mmoja wao alijifungua katikati ya siku zile, na kwa kuwa facture haikulipwa, akabaki hospitali na mtoto, haruhusiwi kutoka. Yote hayo, juu ya koma.

Sisi tunaoandika haya ni watu wa kompyuta hapa Goma. Tunafunga programu kwenye maofisi, tunatengeneza zikiharibika, tunaitwa usiku wakati mzigo unapaswa kuondoka asubuhi. Wengine kati yetu tulisomeshwa na feza ya shimo, baba aliingia chini ili sisi tukae kwenye kiti. Kwa hiyo tunajua pande zote mbili, na tunaona aibu kidogo, kwa sababu kosa la kilo 275 ni kosa la watu wa kazi yetu. Wachimbaji wanalaumu bei, wanalaumu barabara, wanalaumu serikali. Hakuna anayetulaumu sisi, maana hakuna anayejua tunafanya nini. Leo tutasema.

Kwenye ofisi yoyote inayonunua madini kuna angalau sehemu mbili za kuandika. Moja ni ghala la data, ambamo magunia yamepangwa: etiketi, kilo, shimo, tarehe, teneur. Nyingine ni programu ya hesabu, inayotoa facture, inayolipa, inayohesabu kodi. Tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, hesabu hizo zina sheria zake, na makaratasi yake lazima yatunzwe miaka 10. Sehemu hizo mbili hazizungumzi luga moja. Ghala limetengenezwa na watu wengine, programu na watu wengine, pengine katika nchi nyingine. Ili zisikilizane, kuna kipande kidogo cha programu kinawekwa katikati. Wafaransa wanakiita pilote. Sisi tutasema piloti, lakini ukweli ni kwamba hakiendeshi kitu. Ni mkalimani.

Mnajua vizuri kazi ya mkalimani. Shimoni watu wanasema Kihunde, Kinyarwanda, Kiswahili. Mnunuzi anasema Kifaransa, na mwenye feza nyuma yake anasema luga ambayo hata mnunuzi haisikii. Mkalimani akisema « saba » mahali pa « sita na nusu », hakuna aliyedanganya, lakini biashara imeshaharibika. Tena wale wawili wataondoka kila mmoja akiamini mwenzake ni mwizi.

Piloti ya namna hiyo si kitu kigeni. Microsoft ilitoa ile inayoitwa ODBC mwaka 1992, na miaka michache baadaye ikaja JDBC kwa programu za Java. Wazo lilikuwa zuri sana: badala ya kila programu kujifunza luga ya kila ghala, kila ghala lilete mkalimani wake, na wakalimani wote wafuate adabu moja. Ndiyo maana leo ofisi ndogo ya Goma inaweza kuunganisha programu ya hesabu iliyotoka Ufaransa na ghala la PostgreSQL ambalo halikununuliwa hata kwa dola moja. Piloti za PostgreSQL, za MySQL, hata ya SQL Server ya Microsoft, zote zinapakuliwa bure. Kwa hiyo patron akisema « hatuna feza ya kutengeneza hii », msimwamini. Kinachokosa ni saa tatu za mtu mwangalifu.

Kuifunga piloti yenyewe ni dakika tano. Unabonyeza « suivant, suivant, terminer ». Shida inaanza pale. Lazima uiambie ghala liko kwenye kompyuta gani, linasikiliza kwenye mlango gani (PostgreSQL ni mlango 5432, MySQL ni 3306), jina la kuingilia, neno la siri. Kisha uangalie kama programu ni ya bit 32 au 64, maana piloti lazima ifanane na programu. Hapa vijana wengi wanapoteza siku nzima, kwa sababu Windows ina madirisha mawili ya kupanga piloti, moja la 32 na lingine la 64, na yanafanana kama mapacha. Unaweka piloti kwenye dirisha moja, programu inatafuta kwenye lingine, inakujibu kwa Kifaransa kizuri kwamba « source de données introuvable ». Kosa hili linaudhi, lakini halimwibii mtu. Kazi inasimama, kila mtu anaona imesimama.

Makosa ya hatari ni yale ambayo kazi inaendelea.

Tuanze na koma. Sisi Wakongo tunaandika kama Wafaransa: 27,5. Wamarekani wanaandika 27.5, na kwao koma ni ya kutenga maelfu. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani ikiletewa 27,5 inaweza kuamua kwamba hiyo koma haina maana, ikaitupa, ikabaki 275. Nyingine inakata kila kitu baada ya koma, inabaki 27. Hiyo ya pili ndiyo tunayoiogopa zaidi. Kilo 275 itamshtua mtu. Kilo 27 haimshtui yeyote. Tuseme magunia 40, kila moja limepoteza nusu kilo: hapo ni kilo 20 zimeyeyuka, na hakuna aliyeziiba. Hesabuni wenyewe kwa bei ya leo.

Kwenye teneur ni vibaya kuliko. Coltan hailipwi kwa uzito peke yake. Inalipwa kwa kiasi cha tantali kilicho ndani, na soko la dunia linahesabu bei kwa kila libra ya tantali hiyo. Tuseme tani moja ya coltan ina teneur ya 28,6 kwa mia, na mkalimani amesema 28. Ile 0,6 ni kilo 6 za tantali, yaani libra 13 na kitu. Mnunuzi atawaambia « labo njo ilisema ». Labo haikusema hivyo. Labo ilisema 28,6, na karatasi yake bado iko kwenye droo.

Tarehe nayo. 03/04 kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne. Kwa Mmarekani ni tarehe nne mwezi wa tatu. Gunia linaonekana limefungwa etiketi mwezi mzima kabla ya kutoka shimoni. Mkaguzi ataandika nini? Ataandika « anomalie ». Na ikiwa ni 25/04 mashini itaelewa, kwani hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo nusu ya tarehe zinakuwa sawa na nusu zimepinduka, na hapo hata sisi tunakaa usiku kuzitenganisha.

Namba za etiketi: ikianza na sifuri, 0048213, halafu piloti ikadhani ni namba ya kujumlisha, inaondoa sifuri za mbele. 48213 haimo popote. Etiketi yatima. Majina ya watu: Espérance anageuka kitu ambacho hata padri hawezi kukibatiza, kwa sababu ghala linaandika herufi kwa njia moja na piloti inazisoma kwa njia nyingine, na siku ya malipo jina halifanani na la kwenye karata ya mchimbaji. Na iko jambo moja ambalo watu wa ofisi hawalijui kabisa: piloti inayosoma mafaili ya Excel, ukiiacha ilivyotoka kiwandani, inaangalia mistari 8 ya kwanza tu ili kuamua kolone ni ya namba au ya maneno. Mistari 8 ya kwanza ikiwa namba tupu, na mstari wa 9 una etiketi yenye herufi ndani, inaiacha nafasi wazi. Haipigi kelele, haitoi ujumbe. Ofisi ngapi hapa Goma zinaweka magunia kwenye Excel? Tungeulizwa, tungesema karibu zote tulizoingia.

Na umeme. Hapa hatuhitaji kuwaeleza umeme wa Goma. Mtu anahamisha mistari 1000 kutoka kaye kwenda ghala, stima inakatika kwenye mstari wa 600. Piloti isipopangwa vingine, kila mstari unahifadhiwa peke yake mara unapofika. Basi 600 zimeingia, 400 hazikuingia. Stima inarudi, kijana anaanza upya tangu mwanzo kwa sababu hajui ilifika wapi. Sasa magunia 600 yamehesabiwa mara mbili. Kuna mahali pa kuiambia piloti: ingiza yote au usiingize kitu. Ni mstari mmoja wa kuandika. Tumefungua kompyuta nyingi ambamo haujaandikwa.

Tunajua kuna mzee anasoma hapa na kusema: watoto hawa wanatuletea habari ya koma wakati watu wanakufa. Shida yetu ni vita.

Ni kweli. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya coltan ya pale inawaingizia angalau dola 800 000 kwa mwezi. Januari 2025 vita ikaingia Goma yenyewe, mabenki yakafunga milango. Hakuna piloti ya kompyuta inayoweza kutengeneza hayo, na mtu akiwauzia programu kwa ahadi hiyo mfukuzeni. Hata kabla ya hapo etiketi hazikuwa takatifu. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ikisema mpango wa iTSCi unatumiwa kusafisha madini ya mashimo yasiyoruhusiwa. Wenye mpango walikataa. Kila mtu aliyewahi kukaa juma moja kule juu anajua namna etiketi zinavyoweza kutembea bila gunia.

Lakini turudi nyuma kidogo, tuone jinsi namba ilivyokuja kuwa na nguvu juu ya maisha yetu. Julai 2010 Wamarekani walipitisha sheria yao, Dodd-Frank, yenye kifungu cha 1502 kuhusu madini ya Kongo na majirani zake. Septemba ya mwaka ule ule Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Wazazi wetu wanakumbuka miezi ile. Watoto walitolewa shuleni, wauguzi waliondoka vijijini kwa sababu hakuna mwenye kulipa. Baadaye ikasemwa: mtauza, lakini kila gunia liwe na namba. Rubaya ilianza kufunga etiketi mwaka 2014. Ikaja cheti cha CIRGL. Ulaya nao wakaleta sheria yao, inatumika tangu Januari 1, 2021. Toka siku zile, gunia bila namba si madini, ni mzigo wa magendo. Namba ndiyo pasipoti.

Kisha mwisho wa 2018 kampuni yenye concession kubwa ya Rubaya ikaacha iTSCi na kuhamia mpango mwingine, wakati kopa ya wachimbaji ikabaki na ule wa kwanza. Mlima mmoja, maghala mawili ya data, etiketi za namna mbili. Watu waligombana, wakati mwingine hadi damu, juu ya nani auze kwa nani. Sisi hatuingii katika ugomvi ule. Tunauliza tu kama wakalimani: katika yote yaliyosemwa juu ya mipango ile miwili, nani aliwahi kumwonyesha mchimbaji ghala lenyewe? Nani alimwambia, njoo, tazama mstari wako?

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Mchimbaji ndiye mwanzo wa kila namba. Kilo inapimwa mbele yake, etiketi inafungwa mbele yake. Toka hapo namba inashuka na mzigo: kwa négociant ambaye anaweka etiketi yake, kwa comptoir hapa mjini, kwa CEEC, mpaka ng'ambo. Kila kituo kina kaye yake au kompyuta yake, na kila anayepokea anaruhusiwa kuuliza aliyemtangulia. Mchimbaji peke yake haruhusiwi kumuuliza anayemfuata. Namba yake ikibadilishwa njiani atajua siku ya malipo, au siku ya kushitakiwa.

Tunawaambia wenye ofisi: fungueni kidirisha. Hatusemi mfungue ghala lote. Tunajua jibu lenu, tumelisikia mara nyingi: « Tukifungua, washindani wataona bei zetu na wateja wetu. » Hofu hiyo ina sababu, lakini kompyuta imeshaijibu zamani. Ndani ya ghala lolote la kisasa unaweza kutengeneza kidirisha kinachoonyesha mistari ya kopa moja tu, kolone nne tu: etiketi, tarehe, kilo, teneur. Bila bei, bila jina la mteja. Kisha unatengeneza jina la kuingilia lenye ruhusa ya kusoma peke yake, haliwezi kuandika wala kufuta. Piloti ya upande wa kopa inatumia jina hilo. Karani wa kopa anafungua kompyuta moja yenye batri ya jua, anasoma, anaweka kaye ya shimo pembeni, analinganisha. Kama intaneti ya kule ni ya kubahatisha, basi mara moja kwa juma kwenye ofisi yao ya mjini, ichapwe, ipande na lori. Tumeshafanya kazi ngumu kuliko hiyo kwa ajili ya duka la kuuza saruji.

Na tukiwa kwenye ruhusa, tuseme jambo la aibu. Kwenye ofisi zaidi ya moja tumekuta piloti inaingia kwenye ghala kwa jina la mkubwa wa ghala, lile lenye ruhusa ya kila kitu, na neno la siri limehifadhiwa humo humo kwenye kompyuta ili mtu asisumbuke kuliandika. Maana yake nini? Maana yake yeyote anayekaa kwenye kiti kile, hata stagiaire wa juma la kwanza, anaweza kufungua Excel, kuunganisha, na kubadilisha kilo za mwezi uliopita. Hakuna alama itakayobaki. Patron ana walinzi wawili mlangoni na bunduki, na kwa nyuma ameacha ukuta wazi. Halafu namba zikibadilika, nani anashukiwa? Mchimbaji, kwa sababu yeye ndiye masikini.

Tulimwambia patron mmoja hivyo. Akajibu: « Mimi naamini watu wangu. » Sawa. Lakini mlima hauwajui watu wake, nao unaombwa uwaamini.

Kuna pia swali la mahali ghala linapolala. Usiku wa Mei 22, 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na siku chache baadaye tulipoamriwa kuondoka mjini, tulibeba watoto na magodoro. Hatukubeba seva. Januari 2025 wengine hawakubeba hata viatu. Ofisi ambayo ghala lake liko kwenye kompyuta moja chini ya meza, na neno la siri liko kichwani mwa mtu mmoja ambaye sasa yuko Kampala au Bujumbura, haina ghala tena. Na madeni je? Magunia yaliyopokelewa na hayajalipwa, ushahidi wake uko wapi? Tumeulizwa swali hilo na mama mmoja mjane ambaye mume wake alikuwa PDG wa shimo. Alikuwa na kaye. Ofisi iliyomdai haikuwa na kitu cha kulinganisha, au ilisema haina. Kaye ya mama ilikuwa upande mmoja tu wa mazungumzo. Kama kopa ingekuwa na nakala ya kidirisha chake, imechapwa, imepigwa muhuri, angekuwa na pande mbili.

Watasema sasa hivi biashara imesimama nusu, kwa nini tuhangaike. Sisi tunaona kinyume. Barabara hutengenezwa wakati malori hayapiti. Siku madini ya Masisi yatakaporuhusiwa tena kuuzwa kwa utaratibu, na siku hiyo itakuja, watu watakimbia kufungua ofisi kwa haraka. Wataita kijana wa kompyuta saa kumi na moja jioni na kumwambia asubuhi kazi ianze. Atabonyeza suivant, suivant, terminer. Koma itaachwa ilivyo.

Kwa wenzetu wa kazi tunawaomba hivi: kabla ya kuondoka kwenye ofisi, chukueni kurasa mbili za kaye ya kweli, si mifano ya uongo, ziingizeni, kisha mzitoe upande wa pili na kuzisoma kwa sauti mbele ya karani na mtu wa kopa. Chagueni ukurasa wenye koma, wenye tarehe ya chini ya 12, wenye etiketi inayoanza na sifuri, wenye jina lenye alama juu. Andikeni kwenye karatasi mlivyopanga piloti, karatasi ibaki kwenye ofisi na nyingine kwenye sanduku la kopa. Inachukua saa moja. Mkilipwa kidogo, fanyeni hata hivyo, mtalala vizuri.

Na kwa wachimbaji, baba zetu na kaka zetu, na mama mnaotunza kaye nyumbani: andikeni uzito kwa namba na kwa maneno. Andikeni mwezi kwa jina lake, si kwa namba. Mwenye simu apige picha ya etiketi ikiwa bado kwenye gunia, namba ionekane yote. Ofisi ikiwapa karatasi, isomeni pale pale kabla ya kuondoka kwenye meza, na kama haifanani na kaye, msiseme « mmeniibia ». Semeni: « Tunaomba kuona mstari wetu kwenye ghala. » Mtaona sura ya karani itakavyobadilika.

Yule mchimbaji wa kilo 275 alipata haki yake mwishoni. Kijana mmoja wa kwetu alikaa na karani, wakafungua mpangilio wa piloti, wakakuta luga ya kompyuta ni ya Marekani. Wakaibadilisha, wakaingiza upya, 27,5 ikatoka 27,5. Barua ya kusahihisha ikaandikwa, mzigo ukafunguliwa siku ya 19. Walilipwa bei ya siku ile, ambayo ilikuwa imeshuka kuliko ya siku walipoleta, na tofauti ile hakuna aliyewarudishia. Mama na mtoto walitoka hospitali, na facture ilikuwa imeongezeka kwa siku walizozuiliwa.

Kabla ya kwenda alitupatia kaye yake na kalamu. Alitaka tuandike sisi wenyewe, kwa mkono wetu, pembeni ya ile namba: ishirini na saba na nusu. Tuliandika. Akasoma polepole, akaifunga ndani ya sashe zake mbili, akazungushia mpira, akaenda kutafuta moto ya kumpeleka Sake kabla giza haijaingia.